Chuma cha Ufipa: Kutoka Malungu Hadi Baiskeli za Mtumba

Baiskeli ya milimani ilianzia kwenye vyuma chakavu. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco huko Marekani, walikuwa wakitafuta baiskeli nzito za Schwinn zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, ambazo wenyewe walishazitelekeza. Walizivua mapambo yote, wakazifunga matairi mapana na kuteremka nazo milimani. Oktoba 1976 wakaanzisha mashindano katika njia waliyoiita Repack, mteremko wa takriban mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushei. Breki ya nyuma, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, ilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi. Habu ilibidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya kabla ya kuteremka tena.

Mwaka uliofuata Joe Breeze, mmoja wa vijana hao, aliunda fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuziuza, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaingiza sokoni Stumpjumper, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Kufikia miaka ya 1990 baiskeli za namna hii zilijaa katika miji ya Ulaya, Marekani na Japani, na wengi waliozinunua hawakupanda nazo mlima hata mmoja. Zilikaa stoo, zikashika kutu, zikatupwa.

Sehemu ya hizo zilizotupwa huingia Tanzania ndani ya makontena, sambamba na bidhaa nyingine zilizokwisha kutumika. Hushushwa Dar es Salaam, huchambuliwa, kisha hupakiwa kwenye malori ya mikoani. Wanaozipokea kwenye uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wako katika nchi iliyofahamu kazi ya chuma karne nyingi kabla gurudumu la kwanza halijapita mji wa Sumbawanga.

Ushahidi bado upo porini. Katika wilaya ya Nkasi na maeneo mengine ya Ufipa kuna mabaki ya malungu, matanuri ya udongo yaliyosimama hadi mita tatu na zaidi. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Profesa Bertram Mapunda, wameyachunguza kwa miaka mingi. Tanuri la aina hii halikuhitaji watu wa kuvukuta. Lilitobolewa matundu pande zote chini, likapangwa kuni, makaa na mawe ya chuma, na urefu wake wenyewe ukavuta hewa kama bomba la moshi. Lililotoka humo lilikuwa bonge lenye uchafu mwingi. Bonge hilo lilivunjwa na kupelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo sasa lilipulizwa kwa mivukuto mpaka chuma kikasafika. Ndipo mhunzi alipokifua kuwa jembe, shoka au mkuki.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko. Tanuri jipya lilipambwa kama bibi harusi, dawa zikawekwa ndani yake, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Si ajabu kwamba Milansi, ufalme unaohesabiwa kuwa wa kale kuliko wote Ufipa, unakumbukwa katika masimulizi kwa uhusiano wake na wafua chuma. Jembe lilikuwa mali: lililimia matuta ya mboji ambayo Wafipa wanajulikana nayo, na lilibadilishwa kwa bidhaa za majirani.

Halafu yakaja majembe ya kiwandani kutoka Ulaya. Kuyeyusha mawe kulidai watu wengi, makaa mengi na siku nyingi, na jembe la dukani lilipatikana kwa fedha kidogo za kibarua. Afisa mmoja wa kikoloni, Greig, aliandika kuhusu uyeyushaji wa Ufipa mwaka 1937, wakati ambapo desturi yenyewe ilikuwa inakata roho. Kufikia katikati ya karne malungu yalikuwa yamepoa. Wahunzi, hata hivyo, hawakuzima moto. Waliacha kutafuta mawe na kuanza kutafuta vyuma vilivyotupwa, na chuma chakavu kikawa ndiyo madini yao mapya.

Mfano mkubwa kuliko yote wa chuma kilichookolewa katika sehemu hii ya nchi unaelea. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika maelfu ya masanduku na kuunganishwa upya Kigoma. Julai 1916, Wajerumani walipokimbia, mafundi wao waliizamisha kwa makusudi, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nyingi wakitumaini kurudi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo inafaa, na Mei 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi baada ya hapo ilipakia watu na dagaa katika bandari za Kirando, Kipili na Kasanga, mji ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg.

Baiskeli ilifika bara kwa njia ya kawaida zaidi. Katika Tanganyika yote waliotangulia kuiendesha walikuwa wamisionari, makarani na walimu. Vijana wa Ufipa waliokwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, mashamba ya mkonge ya Tanga na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini waliiona huko, na kati ya vitu ambavyo kibarua alitamani kurudi navyo nyumbani, baiskeli ilikuwa juu kabisa. Ile iliyotawala ilikuwa Raleigh ya Nottingham: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Idadi hiyo ya nyuma ilikuwa na maana yake, kwani ndipo mzigo unapokaa.

Baada ya Uhuru zikaja Phoenix za Shanghai, Avon na Hero za Ludhiana, India, na Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO. Zote zilifuata ramani ileile ya Raleigh, na hilo lilikuwa neema kwa fundi: pedali ya hii iliingia kwenye ile. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vilipoondoa bidhaa madukani, ubadilishanaji huo ndio ulioziweka baiskeli barabarani. Tairi lililopasuka lilishonwa kwa waya au kuwekewa kipande cha tairi kuukuu kwa ndani. Tyubu ilibandikwa kiraka juu ya kiraka.

Rukwa, mkoa wenye uwanda wa Ufipa, iliuhisi uhaba huo kuliko mikoa mingi. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 1974, na mnamo miaka ya 1980 ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya kulisha taifa kwa mahindi. Lakini reli ya TAZARA ilipita Tunduma, wala haikugeuka kuelekea Sumbawanga. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, ilibaki ya vumbi kiangazi na tope masika mpaka ilipowekwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Kabla ya hapo, kipuri chochote kilichofika Sumbawanga kilikuwa na gharama ya safari juu yake. Ndiyo maana hapakuwa na sababu ya kutupa kitu ambacho bado kingeweza kufunguliwa, kunyooshwa au kuchomelewa.

Baiskeli ya milimani ilipoanza kufika na mitumba, iliwaletea mafundi kitendawili. Gurudumu lake ni la inchi 26, kwa hiyo tairi la Phoenix haliingii. Habu zake zina spoku 36 au 32. Ina gia 18 au 21, waya za breki badala ya fimbo, na mara nyingi foku ya mbele yenye springi ambayo imekwisha kuvuja mafuta. Haina keria, haina stendi, na haina bamba la kuzuia tope. Kwa mkulima wa Laela au Mwimbi anayetaka kupeleka gunia sokoni, imekosa karibu kila kitu anachokihitaji, isipokuwa fremu imara na tairi pana lisilozama kwenye vumbi.

Fundi huanza kwa kuigeuza matairi juu. Nati zilizoganda kwa kutu hulowekwa mafuta ya taa na kugongwa taratibu kwa nyundo. Habu hufunguliwa, na gololi humwagwa kwenye kopo: kwa kawaida 18 za robo inchi kwa gurudumu la nyuma, 20 ndogo zaidi kwa la mbele. Huoshwa, hufutwa kwa kitambaa na kutazamwa moja moja kwenye mwanga. Iliyopoteza mng'ao au kuwa na vidonda hutupwa, kwa sababu gololi moja mbovu hula kikombe kizima cha habu. Grisi mpya hupakwa, gololi hurudishwa kwa ncha ya bisibisi, ekseli hukazwa hadi gurudumu lizunguke bila kuyumba wala kukwama. Hapo anageukia ringi. Kwa kidole gumba karibu na breki, akilizungusha gurudumu polepole, huona linapogusa, na hukaza spoku za upande mmoja na kulegeza za mwingine kwa robo mzunguko kila mara. Fundi asiye na subira huishia na ringi yenye umbo la yai.

Kisha huja uamuzi ambao ungewashangaza walioiunda: gia zinaondolewa. Kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo ndicho cha kwanza kupinda na cha mwisho kupata kipuri. Mnyororo hufupishwa na kufungwa kwenye gurudumu moja la meno, foku yenye springi hubadilishwa kwa ya chuma kitupu, na keria ya nondo huchomelewa nyuma.

Uamuzi huo una mashahidi wasiotarajiwa. Mwaka 2005, F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni kubwa inayotengeneza gia za baiskeli za milimani, alishiriki kuanzisha shirika la World Bicycle Relief. Lilipoanza kazi Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Kalambo, likasanifu baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika. Buffalo hiyo ilikuwa ya chuma, yenye gia moja, breki ya kukanyaga kinyumenyume na keria ya kubeba kilo 100. Watu wanaoishi kwa kuuza gia walifikia jibu lilelile la mafundi wa mitumba.

Mahali ambapo jibu hilo linajaribiwa kweli ni Lyamba lya Mfipa, ukingo wa uwanda upande wa mashariki. Kutoka juu hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye vijiji kama Muze na Mtowisa, ardhi inashuka karibu mita 1,000, zaidi ya mara mbili ya mteremko wa Repack. Breki za mpira za baiskeli ya milimani, zikiwa na waya mpya, zinashika vizuri kuliko fimbo za Phoenix. Kwa hiyo fundi anayeng'oa gia zote huziacha breki, na anayeshuka bondeni hulipa kwanza waya za breki kabla ya kufikiria rangi.

Pikipiki za Kichina zimebadilisha hesabu. Tangu bodaboda zilipoenea na kanuni za mwaka 2010 kuzitambua kuwa vyombo vya abiria, safari ndefu na za haraka zimehamia huko. Baiskeli imebakiwa na kazi zisizomudu petroli: mtoto kwenda shule, maji, mkaa, debe la maharage, fundi mwenyewe kwenda kibandani. Kwa kazi hizo, baiskeli ya milimani iliyofufuliwa inashinda baiskeli mpya ya bei rahisi, ambayo mara nyingi huuzwa na ringi laini na habu zisizo na grisi ya kutosha.

Tatizo lake kubwa sasa ni alumini. Baiskeli nyingi za milimani zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 hazina fremu ya chuma tena. Ni nyepesi na hazishiki kutu, lakini zikipasuka shingoni haziungwi kwa mtungi wa gesi na fimbo ya shaba kama fremu za zamani, na hata zikiungwa kwa mashine maalumu, joto hudhoofisha sehemu ya jirani. Mnunuzi anayeelekea kwenye rundo la mitumba achukue sumaku ndogo mfukoni. Ikinata kwenye fremu, hicho ni chuma na fundi wa Sumbawanga anakimudu. Isiponata, akague kila kiungo kabla ya kutoa hela, kwa sababu fremu hiyo ikivunjika atakuwa amenunua vipuri tu.