Mnyoo Aliyebebeshwa Jina la Dunia Nzima

Mnyoo wa kwanza wa njugu niliyewahi kumwona alikuwa ndani ya kopo la Kimbo. Ilikuwa Kilifi, wakati wa bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali. Mzee mmoja alikuwa akichimba chambo mchangani kwa kipande cha chuma. Nikachungulia kopo lake. Kulikuwa na kitu cha rangi ya waridi iliyofifia, kirefu kama kalamu, hakina macho, hakina miguu. Nilipokigusa kikajivuta, kikawa kifupi na kinene kama njugu ndani ya ganda lake.

"Babu, huyu anaitwaje?"

"Huyo mnyoo tu, mwanangu. Wa chambo."

Kusema kweli, nilimdharau kidogo. Nilidhani mahali fulani, kwenye kabati la makumbusho, wapo watu wanaojua jina lake kamili. Miaka baadaye nilianza kusoma historia ya wanyama hawa, na nikagundua kwamba wenye makabati nao walifanya kama babu. Waliona mnyoo wa mchangani, wakampa jina moja, wakaenda zao. Tofauti ni kwamba jina lao lilikuwa la Kilatini.

Jina lenyewe ni Sipunculus nudus. Lilitolewa mwaka wa 1766 na Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyetaka kila kiumbe kiwe na majina mawili. Maana yake ni kama "kijibomba kilicho uchi". Si jina baya. Mnyoo huyu kweli ni bomba, na kweli yuko uchi: hana vinyweleo kama vya minyoo wengi wa baharini, wala mwili wake haujagawanyika pingilipingili kama wa nyungunyungu.

Ukitaka kumwelewa, fikiria soksi. Mwili una sehemu mbili: kiwiliwili kinene, na mbele yake mkonga mwembamba wenye mdomo nchani, uliozungukwa na minyiri. Mkonga huu huingia ndani ya kiwiliwili kama soksi inayopinduliwa. Ndani kuna misuli minne iliyofungwa kama kamba. Ikivuta, mkonga wote unazama. Akitaka kuutoa anabana ukuta wa mwili, na majimaji ya ndani yanausukuma nje, vile unavyobana tyubu ya dawa ya meno.

Utumbo nao una vituko vyake. Unashuka mpaka chini kabisa, unageuka, kisha unapanda tena huku ukijisokota kama kamba ya katani. Kwa hiyo tundu la haja haliko mkiani. Liko mgongoni, karibu na pale mkonga unapoanzia. Kwa mnyama anayeishi shimoni, mpango huu una akili: nani anataka kujaza uchafu chini ya kitanda chake? Kuna pia vifuko viwili vinavyofanya kazi ya figo, na ndivyo hivyo hivyo vinavyotoa mayai au mbegu za kiume kwenda baharini.

Na damu? Hana damu nyekundu kama yetu. Oksijeni inabebwa na protini iitwayo hemerithrini, ambayo ina madini ya chuma lakini inafanya kazi tofauti na himoglobini. Isipokuwa na oksijeni haina rangi. Ikiipata, inageuka zambarau inayoelekea waridi.

Sasa, utajuaje huyu si yule? Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa nje unaanza na mkonga. Jenasi ya Phascolosoma ina vijindoano vidogo vilivyojipanga safu kwa safu. Sipunculus haina ndoano. Ina vichunusi vilivyolala kama magamba, na ngozi ya kiwiliwili imechorwa vijiraba, kama karatasi ya hesabu. Vijiraba hivyo vinatokana na misuli ya urefu kukutana na misuli ya mzunguko. Lakini mnyoo aliyekufa akiwa amejikunja anakuwa ameumeza mkonga wake, na alama zote zimefichika. Inabidi umpasue. Ukishampasua, unahesabu: kamba za kuvutia ni ngapi, nne, mbili au moja? Misuli ya urefu imegawanyika kuwa kanda ngapi? Sipunculus nudus kwa kawaida ana kanda takriban 30. Sipunculus indicus, binamu yake, anafika karibu 40.

Huyo indicus anatuhusu. Alipewa jina mwaka wa 1850 na Wilhelm Peters, Mjerumani aliyezunguka Msumbiji akikusanya wanyama kati ya 1842 na 1848. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka wa 1952, Stephen na Robertson walichapisha ripoti ya awali ya wanyama wa kundi hili kutoka Zanzibar. Ilichapishwa Edinburgh. Mchanga wetu, kabati lao: hadithi tunayoijua.

Wakati huo majina yalikuwa yamefurika. Mtu akipata mnyoo mmoja kwenye chupa, tayari ameshamtangaza spishi mpya. Kitabu kikubwa cha Stephen na Edmonds cha 1972 kiliorodhesha spishi takriban 320. Ndipo akaja Mmarekani Edward Cutler na wenzake. Walifungua chupa moja baada ya nyingine, wakaona kwamba mengi ya majina hayo yalikuwa ya mnyoo yule yule: mara mchanga, mara mzee, mara amejikunja, mara amenyooka. Kufikia kitabu cha Cutler cha 1994, zilikuwa zimebaki spishi kama 150 hivi.

Usafi ule ulihitajika. Lakini ulikuwa na bei yake. Majina machache yaliyobaki yalibebeshwa dunia nzima. Sipunculus nudus akawa mkazi wa Mediterania, Atlantiki, Bahari ya Hindi na Pasifiki, wote mtu mmoja! Na maelezo yalikuwepo. Watoto wa minyoo hawa huelea baharini. Wengine hupitia hatua iitwayo pelagosfera, kitufe kidogo chenye mkanda wa vinyweleo vya kuogelea. Mwaka wa 1905 Mingazzini alimwona mmoja akadhani ni mnyama mzima wa aina yake. Baadaye Rudolf Scheltema alionyesha kwamba watoto hawa wanapatikana katikati ya Atlantiki, mbali sana na ufuo wowote. Basi, watu wakasema, si ajabu mnyoo mmoja kuenea kote. Anasafiri na mkondo.

Halafu vinasaba vikaingia mezani. Gisele Kawauchi na Gonzalo Giribet walianza mwaka wa 2010 na Phascolosoma perlucens, mwingine aliyeitwa raia wa dunia. Mwaka wa 2014 wakamfikia nudus mwenyewe. Wakalinganisha minyoo wa bahari mbalimbali, waliovaa jina moja, na vinasaba vikakataa. Hawakuwa spishi moja. Kilichonigusa zaidi ni hiki: walipourudia mwili baada ya vinasaba kusema, tofauti nyingine zilionekana. Zilikuwa pale siku zote. Macho yalikuwa yameshaambiwa kuwa hakuna cha kutafuta.

Utasema, sawa, lakini mnyoo ni mnyoo, shida iko wapi? Nenda Beihai, kusini mwa China, ambako analiwa kama chakula cha heshima. Nenda Quảng Ninh, Vietnam, ambako anakaushwa, anaitwa sá sùng, na anatiwa kwenye mchuzi wa pho kuupa utamu. Huko mnyoo huyu ni pesa, na watu wanachimba. Ukiamini ni spishi moja ya dunia nzima, unachimba kwa amani: wakiisha hapa, mkondo utaleta wengine. Lakini kama walio kwenye ufuo huo ni wa ufuo huo na majirani zake tu, basi wakiisha wameisha. Jina pana linaweza kuficha msiba mdogo, na hakuna atakayeupigia kelele, kwa sababu kwenye orodha mnyama bado yupo, anaishi mahali pengine.

Ndiyo maana siku hizi namfikiria yule mzee wa Kilifi kwa heshima zaidi. Aliposema "mnyoo tu", hakudai kujua minyoo wa Mediterania. Alijua tundu lipi lina mtu na lipi limehamwa, na alijua ni upande gani wa ufuo chambo kimepungua tangu ujana wake. Jina lake lilikuwa dogo, lakini halikuvuka mchanga aliousimamia.

Nilibaki naye mpaka maji yakaanza kurudi. Akamtoa yule mnyoo kwenye kopo, akampasua kwa kisu kwa urefu, kanda zote nje, zinameta juani. Zilikuwa za kuhesabika kabisa. Nami nilikuwa nimeinamia simu, natafuta picha yake. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshatiwa kwenye ndoana.