Rickwood: Uwanja Mmoja, Timu Mbili

Birmingham, Alabama, ni mji uliokuzwa na makaa ya mawe na chuma, na uwanja wake wa besiboli nao ni zao la fedha za chuma. Rick Woodward, kijana wa ukoo wenye kampuni ya chuma, aliinunua timu ya Barons, kisha akamwendea kocha maarufu wa Philadelphia, Connie Mack, kwa ushauri wa ujenzi. Rickwood Field ukafunguliwa tarehe 18 Agosti 1910, na Barons wakaishinda Montgomery 3-2. Tajiri mwenyewe alivaa jezi akarusha mpira wa kwanza. Leo hakuna uwanja wa besiboli ya kulipwa nchini Marekani unaoupita kwa umri.

Barons walikuwa wazungu watupu. Kuanzia miaka ya 1920, waliposafiri kucheza ugenini, uwanja ulikodishwa kwa Black Barons, timu ya Weusi. Kulikuwa na jukwaa la mbali, upande wa kulia: wazungu wakicheza, mashabiki Weusi walisukumiwa huko, Black Barons wakicheza, wazungu ndio waliokaa huko. Kodi ya uwanja, hata hivyo, haikuulizwa rangi.

Na wachezaji waliopita hapo si haba. Satchel Paige, mrushaji aliyewatia wapigaji kiwewe, alikuwa wa Black Barons mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1948 akaja kijana wa miaka 17, Willie Mays, mzaliwa wa jirani tu na mji, ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Msimu huo timu ilifika fainali ya mwisho ya ligi za Weusi, ikafungwa na Homestead Grays.

Mwaka 1950 Birmingham ilipitisha sheria ya ajabu: Weusi na wazungu wasicheze pamoja karata, dadu, dhumna wala besiboli. Dhumna! Uongozi wa mji ulioogopa hata meza ya dhumna haungekubali timu ya mchanganyiko, na shinikizo la kuchanganya rangi lilipozidi, Barons wakavunjwa baada ya msimu wa 1961. Waliporudi mwaka 1964, rangi zote zilivaa jezi moja. Miaka mitatu baadaye Reggie Jackson, mchezaji Mweusi, alichezea hapo, na amesimulia hadharani jinsi migahawa na hoteli zilivyomfungia milango.

Barons walihama baada ya msimu wa 1987, na tangu 2013 wanatumia Regions Field, katikati ya mji. Rickwood ungebomolewa kama viwanja vingine vya rika lake, lakini wapenzi wake waliunda chama mwaka 1992 na kuanza kuukarabati.

Mays alifariki tarehe 18 Juni 2024, akiwa na miaka 93. Siku mbili baadaye St. Louis Cardinals waliwashinda San Francisco Giants 6-5, katika mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida wa Ligi Kuu kuchezwa Rickwood. Waamuzi wote walikuwa Weusi, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi hiyo.