Neva ya vagasi: Ndiyo inayomwangusha mtu akiona damu

Umeshaona mtu mzima, mwenye afya zake, anachomwa sindano tu, mara macho yanaingia giza na yuko chini? Wengi humcheka kuwa ni mwoga. Kumbe kuna mshipa wa fahamu unaohusika, unaoitwa neva ya vagasi.

Kichwani hutoka jozi 12 za neva, na vagasi ni jozi ya 10. Ndiyo inayofika mbali kuliko zote: inaanzia kwenye shina la ubongo, inapita shingoni, inaingia kifuani hadi tumboni. Kwa Kilatini jina lake lina maana ya kuzurura.

Kazi zake

- Moyo: Ni breki. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi, kwa kutumia mioyo ya vyura, alionyesha kuwa neva hii hutoa kemikali inayopunguza mapigo.
- Tumbo: Husaidia kusaga chakula.
- Koo: Husaidia kumeza na kutoa sauti. Tawi lake likiumia, sauti hukwaruza.
- Taarifa: Sehemu kubwa ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo.

Kwa nini mtu anazimia?

Hofu, maumivu au kusimama muda mrefu juani vinaweza kuifanya breki hii ikamate kupita kiasi. Mapigo yanapungua, mishipa ya damu inalegea, presha inashuka. Ubongo unakosa damu ya kutosha, mtu anadondoka.

Ufanye nini?

Usimwinue wala kumkalisha kwenye kiti, maana damu itazidi kushindwa kupanda kichwani. Mlaze chali, inua miguu yake, legeza nguo zinazobana na waambie watu wasimzonge. Kwa kawaida huzinduka ndani ya dakika moja. Asikurupuke kusimama.

Je, ni wewe unayetokwa na jasho la baridi, kichefuchefu na macho kuingia giza? Lala chini hapohapo, usione aibu. Bora vumbi kwenye nguo kuliko kupasuka kichwa.

Muwahishe hospitali kama hazinduki haraka, kajigonga kichwa, ni mjamzito, ana maumivu ya kifua au kazimia akiwa anakimbia. Hapo tatizo linaweza kuwa moyo wenyewe, siyo vagasi.