Bendi Iliyonyamazishwa na Masikio

Neno Burma, kwa watu wa pwani na bara yetu waliokuwa na umri wa kusikia na kukumbuka katikati ya karne iliyopita, halikuwa jina la nchi tu bali lilikuwa jina la safari, maana askari wa Keya waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walivushwa bahari, wakateremka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 wakiwafukuza Wajapani, hata mwezi wa Desemba wakafika Kalewa penye mto wa Chindwin. Na wale ambao Mwenyezi Mungu aliwajaalia kurejea wakaitwa watu wa Bama muda wote wa maisha yao. Mmoja wao alikuwa jirani yetu. Ukimsemesha, huinamisha kichwa upande mmoja, nasi watoto tulidhani ni maringo ya kijeshi, kumbe mizinga ilimwachia katika sikio la kushoto mlio usiokoma, mfano wa nyenje wa usiku, ambao aliulalia na kuuamkia. Namtaja mzee huyo kwa sababu ya jina na kwa sababu ya sikio, ambavyo vyote viwili vimo katika habari ya bendi moja ya roki ya mji wa Boston, Marekani, iliyojiita Mission of Burma, ikavuma kwa miaka minne, ikanyamaza kwa miaka kumi na tisa, kisha ikarudi na santuri mpya wakati ambapo aghalabu ya watu wa rika lake walikwisha kuuza magitaa yao.

Jina lenyewe halikutoka Burma. Clint Conley, mpigaji wa gitaa la besi, alikuwa katika mji wa New York, ambako mataifa ya dunia yana nyumba za ujumbe wao, akaona kibao katika jengo mojawapo kikieleza kwamba hapo ni ujumbe wa Burma. Maneno yakamkaa, akayachukua kama mtu anavyookota kombe ufuoni bila kuuliza ni kiumbe gani aliyeishi ndani yake. Nakiri kwamba nilipoipata habari hiyo mara ya kwanza niliona kinyongo kidogo kwa niaba ya jirani yetu. Kinyongo kikaniishia nilipokumbuka kwamba vijana wa kila nchi hujipachika majina wasiyoyajua asili yake, na kwamba Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz walituchezesha dansi usiku kucha bila mtu yeyote kuwadai hiyo jazi iko wapi.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa tarehe 1 Aprili 1979, katika Modern Theatre ya Boston. Conley na Roger Miller, mpigaji wa gitaa, walitoka katika bendi iliyovunjika iliyoitwa Moving Parts. Peter Prescott akaja na ngoma zake na sauti ya kupaaza kama mnadi. Miller alikulia Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, ambako tangu ujana wake alipiga muziki na ndugu zake wawili mapacha, na hakuwa mtu wa kuridhika na wimbo uliokaa pale ulipotarajiwa kukaa. Wa nne hakuonekana jukwaani, na wengi waliolipa kiingilio walirejea kwao wakiapa kwamba bendi ile ni ya watu watatu. Huyo wa nne alikuwa Martin Swope, aliyeketi nyuma ya ukumbi penye meza ya kuchanganyia sauti, na mbele yake mashine ya kunasia yenye utepe wa magurudumu mawili. Gitaa lilipolia, au mwimbaji alipopaza sauti, yeye alinasa kipande, akakigeuza mbele nyuma, akakipunguza au kukiongeza mwendo, kisha akakirudisha katika vipaza sauti ilhali wimbo uleule ungali unaendelea, hata hadhira ikasikia mzimu wa sauti iliyopita punde ukizunguka juu ya sauti iliyopo, na isijue umetoka wapi. Ustadi wa namna hiyo ulikuwa ukijulikana katika vyumba vya watunzi wa muziki wa kisomi. Kuuingiza katika baa yenye sakafu inayonata pombe, mbele ya vijana waliokuja kurukaruka, kulihitaji ujasiri au ukaidi, na nadhani bendi hiyo ilikuwa na vyote viwili kwa wingi.

Wakati huo muziki wao ulikuwa hauna jina. Hilo la roki mbadala lilikuja kuwa jina la biashara yapata mwongo mzima baadaye, hasa baada ya Nirvana kutoa Nevermind mwaka 1991, makampuni makubwa yakatanabahi kwamba kulikuwa na mali katika uchochoro yaliokuwa yakiupita bila kugeuza shingo. Mwaka 1980 uchochoro huo ulikuwa na watu wachache wanaojuana. Boston ni mji wa vyuo, na vyuo vilikuwa na redio ndogo zinazoendeshwa na wanafunzi, ambao walipiga santuri wanazozipenda wao wala hawakumwuliza mfanyabiashara. Na palikuwa na mtu aitwaye Rick Harte, mwenye kampuni ndogo ya Ace of Hearts, ambaye alikuwa radhi kurudia na kurudia kazi moja studioni mpaka kila sauti ikae mahali pake. Yeye ndiye aliyetoa santuri yao ya kwanza mwaka 1980, upande mmoja ukiwa na wimbo uitwao “Academy Fight Song” na upande wa pili wimbo uliopewa jina la mchoraji Mjerumani, “Max Ernst”. Mwaka 1981 ikafuata Signals, Calls, and Marches, yenye nyimbo sita, na mwaka 1982 Vs., santuri yao ndefu ya kwanza. Nyumbani walikuwa na heshima. Walipotoka nje ya Boston na gari lao lililojaa vyombo, mara nyingi walipiga mbele ya watu wanaoweza kuhesabika kwa vidole.

Sasa niseme habari ya masikio, ambayo ndiyo kiini. Muziki wa Mission of Burma ulipigwa kwa sauti kubwa kupita kadiri, wala haikuwa kwa majivuno peke yake, kwani ziko rangi za sauti ambazo hazitoki mpaka gitaa lisukumwe hata amplifaya ianze kulalama, na nyuzi zinapolia pamoja kwa nguvu hiyo huzaa sauti za juu ambazo hakuna kidole kilichozigusa, zikaelea ukumbini kama kwamba kuna kinanda kingine kimefichwa darini. Miller alizipenda mno sauti hizo. Lakini ndani kabisa ya sikio, katika ile sehemu iliyojisokota kama konokono, mna vinyweleo vidogo vinavyopokea mtikisiko na kuupeleka ubongoni, na vinyweleo hivyo vikishavunjwa na kishindo havioti tena maishani. Badala ya kunyamaza, sikio lililoumia hujitungia mlio wake lenyewe, usiku na mchana, na hakuna dawa ya kuuondoa. Mlio huo ulimpata Miller, na kila onyesho likauongeza. Alijaribu kuziba masikio kwa vizibo, havikutosha, akavaa juu yake vifuniko vile vikubwa vinavyovaliwa na watu wanaojifunza shabaha ya bunduki, akawa akipiga gitaa jukwaani kwa sura ya mtu aliyepotea njia akielekea kambini. Jirani yetu hakuna aliyempa kifuniko.

Mwaka 1983 wakaachana. Hawakugombana, hawakudhulumiana fedha, maana fedha hazikuwapo za kudhulumiana, na hakuna aliyemchukulia mwenziwe mke. Bendi ikafa katika ujana wake kwa maradhi ya kiungo kimoja cha mtu mmoja, jambo ambalo katika tarehe ya roki, iliyojaa ulevi na mashtaka, ni nadra kama mvua ya Januari. Maonyesho yao ya kuagana yalinaswa, yakatolewa mwaka 1985 kwa jina la The Horrible Truth About Burma, na ukiyasikiliza husikii wachovu wanaofunga duka.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka. Miller akageukia piano, chombo kinachosamehe masikio zaidi, pamoja na Swope katika kikundi cha Birdsongs of the Mesozoic, na baadaye akawa katika Alloy Orchestra wakisindikiza kwa muziki filamu za kale zisizo na sauti. Prescott akaunda Volcano Suns. Conley akauweka muziki kando, akawa mtayarishaji wa vipindi katika televisheni ya Boston. Swope akahamia Hawaii. Lakini huku wenyewe wamekaa kimya, nyimbo zao zikawa zinatembea kwa miguu ya watu wengine: R.E.M. wakaimba “Academy Fight Song” katika ziara zao, Moby akatoa tena wimbo mmoja wa Conley mwaka 1996, na mwaka 2001 mwandishi Michael Azerrad akawapa sura nzima katika kitabu chake kuhusu bendi za uchochoro ule. Na nchi iliyowapa jina nayo ikabadili jina lake, kwani serikali ya kijeshi iliamuru mwaka 1989 iitwe Myanmar, hata ikawa kibao kile alichokiona Conley ujanani mwake hakina tena mahali pa kutundikwa.

Januari 2002 walipanda jukwaani tena, New York na Boston, kwa nia ya maonyesho machache tu. Swope hakurejea, mahali pake akaketi Bob Weston, fundi wa sauti wa Chicago na mpigaji wa besi katika Shellac, ambaye zamani alipata kupiga na Prescott katika Volcano Suns, kwa hiyo alikuja kama shemeji anavyoingia nyumba anayoijua. Miller akavaa tena vifuniko vya wenye shabaha. Ngoma za Prescott zikawekewa ngao ya plastiki inayopenya nuru, ili kishindo cha matuazi kisimfikie mwenziwe, na amplifaya ikaondolewa nyuma ya mgongo wake. Jukwaa zima likapangwa upya kwa kulitumikia sikio lililojeruhiwa, mfano wa nyumba inayopangwa upya kwa ajili ya mgonjwa ambaye wote wanataka aendelee kuishi humo.

Kurudi kwa bendi iliyovunjika ni biashara yenye kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kwamba anayelipa kiingilio amekuja kutazama ujana wake mwenyewe. Hataki wimbo mpya. Anataka kiporo, na akitaka kiporo humwambii kwamba kuna pilau jikoni. Wenye akili ya biashara hulijua hilo. Pixies, ambao nao ni wa Boston, waliachana mwaka 1993, wakaungana mwaka 2004, wakaizunguka dunia kwa nyimbo zilezile za zamani mpaka mwaka 2014 ndipo walipothubutu kutoa santuri nzima mpya. Dinosaur Jr., wa Amherst katika jimbo hilohilo la Massachusetts, walikuwa na uhasama mzito kati yao, hata hivyo walikusanyika mwaka 2005 wakiwa watatu wale wa asili, na mwaka 2007 wakatoa Beyond. Mission of Burma hawakungoja hivyo. Mwezi wa Mei 2004, kwa kampuni ya Matador, walitoa ONoffON, miaka 22 tangu Vs.

Jina la santuri hiyo limeandikwa kwa hila: washa, zima, washa, na maneno ya kuwasha yana herufi kubwa, ilhali neno la kuzima, ambalo lilichukua miaka kumi na tisa ya maisha ya watu wanne, limetiwa herufi ndogo katikati. Kiburi hicho kingechekesha lau muziki wenyewe haukukihimili. Mimi niliisikiliza nikitafuta uzee, na uzee niliuona katika sauti za waimbaji, zilizokwaruza zaidi, na katika nyimbo mbili tatu zilizorefushwa bila haja. Lakini magitaa yalikuja kwa ghadhabu ileile isiyo na adabu, na utepe wa Weston ukizunguka nyuma yake, kama kwamba mtu alitoka nje kufunga mbuzi akarudi kukuta mazungumzo hayajapoa. Baadhi ya nyimbo, kama “Hunt Again”, ni za siku zile za kwanza, ambazo zilikuwa hazijapata kuingia katika santuri yao ya studioni, na hapo ndipo nilipoielewa tofauti yao na wengine. Bendi inayovunjika kwa kuchoka huwa imeshasema iliyokuwa nayo, na ikirudi hurudia. Hawa walikatizwa kauli ikiwa mdomoni, na moto wao ulikuwa moto wa makumbi, juu jivu na chini kaa. Wakatoa The Obliterati mwaka 2006, The Sound the Speed the Light mwaka 2009, ambao ndio mwaka mji wa Boston ulipoitangaza tarehe 4 Oktoba kuwa siku yao, na Unsound mwaka 2012; hata uhai wa pili ukazaa santuri ndefu nne za studioni, kwa moja ya uhai wa kwanza.

Katika ONoffON umo wimbo uitwao “Max Ernst's Dream”, yaani ndoto ya Max Ernst, ambao ni ndugu wa ule uliokuwa upande wa pili wa santuri yao ya kwanza. Mchoraji mwenyewe alifariki Paris tarehe 1 Aprili 1976, miaka mitatu kamili, siku kwa siku, kabla ya vijana wale kupanda jukwaa la Modern Theatre. Kwa hiyo walimlaza mwaka 1980 naye ni marehemu, wakaja kumwotesha ndoto mwaka 2004, na Miller, akiwa na vifuniko vyake masikioni, akaipigia ndoto hiyo gitaa ambalo yeye mwenyewe alilisikia kwa mbali.