Vijidudu vya Ukoo Mmoja

Leo tunazungumza juu ya vijidudu vya brusela, vinavyomfanya ng'ombe atupe mimba na binadamu ashikwe na homa ya muda mrefu. Tutaeleza jinsi wataalamu walivyovitambua na kuvipanga. Pengine mtu atauliza: jina la kijidudu linamfaa nini mfugaji? Sikilizeni basi.

Habari yenyewe inaanza katika kisiwa cha Malta. Askari wa Kiingereza waliokaa huko walikuwa wakisumbuliwa na homa inayokuja na kuondoka kwa miezi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alitangaza kuwa amepata kijidudu katika wengu wa askari waliokufa. Katika hadubini alikiona kama kitone cha mviringo, akakiita Micrococcus melitensis, yaani kitone cha Malta. Lakini kilitoka wapi? Jibu lilikawia mpaka 1905, Dakta Themistocles Zammit, mwenyeji wa Malta, alipopima damu ya mbuzi. Mbuzi wale walionekana wazima kabisa, kumbe wanacho! Mwaka 1906 askari wakakatazwa kunywa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua sana.

Huko Denmark nako, mwaka 1897, Bernhard Bang alikwisha kupata kijidudu kinachosababisha ng'ombe kutupa mimba. Yeye alikiona kama kifimbo, akakiita Bacillus abortus.

Sasa angalieni tatizo. Kimoja kitone, kingine kifimbo. Kimoja kimetoka kwa watu na mbuzi, kingine kwa ng'ombe. Vikaandikwa katika koo mbili mbalimbali, na kwa miaka 20 wataalamu hawakuona udugu wao. Homa ikahesabiwa kuwa ya maziwa ya mbuzi. Maziwa mabichi ya ng'ombe yakaendelea kunywewa bila wasiwasi.

Aliyefumbua fumbo ni Bibi Alice Evans wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Aliviotesha vyote viwili katika maabara, akavilinganisha. Akaona vyote ni vifimbo vifupi mno. Tena alichukua majimaji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa kijidudu kimoja. Yalipochanganywa na kile cha pili, nacho kiliganda mafungumafungu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1918, akionya juu ya maziwa mabichi ya ng'ombe. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1920 Karl Meyer na E. B. Shaw, huko California, walithibitisha maneno yake, wakaupa ukoo huo jina Brucella kwa heshima ya Bruce. Na Bibi Evans mwenyewe? Mwaka 1922 aliambukizwa kazini, akaugua miaka mingi.

Baadaye kijidudu cha nguruwe, alichokipata Jacob Traum mwaka 1914, nacho kikaingizwa katika ukoo huo, kwa jina la Brucella suis. Siku hizi upimaji wa chembe za urithi umeonyesha kuwa ndugu hawa wanafanana mno.

Haya, faida ya jina mmeiona. Ukijua ukoo, unajua hatari. Kwa hiyo chemsheni maziwa, yawe ya ng'ombe au ya mbuzi. Ndama au mtoto wa mbuzi aliyetupwa pamoja na kondo lake msivishike kwa mikono mitupu. Vifukieni chini sana, mbwa wasifukue. Na mwiteni bwana mifugo mapema.