Kompyuta Pepe ya Kituo

Kompyuta pepe ya kituo ni kompyuta inayoendeshwa ndani ya seva na kukabidhiwa kifaa maalumu, badala ya mtu. Kifaa chenyewe mara nyingi huwa terminali nyepesi: kisanduku kidogo kilichofungwa nyuma ya skrini, ambacho kazi yake ni kupokea picha kutoka kwenye seva na kurudisha kinachobonyezwa kwenye kibodi na kipanya. Katika utaratibu uliozoeleka, mtu huandika jina na nywila, akapewa kompyuta yake popote alipoketi. Hapa seva hutazama kwanza ni kisanduku kipi kinachobisha hodi, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kitakachoonekana kwenye skrini.

Haja ya utaratibu huu huonekana vizuri kwenye dirisha la dawa la hospitali yenye zamu tatu. Asubuhi mfamasia wa usiku anainuka, wa mchana anaketi, na foleni iko palepale. Kama kila mmoja ana kompyuta pepe yake, basi ya kwanza ifungwe, ya pili iamshwe, programu ya dawa ifunguliwe upya na printa ya lebo itafutwe, huku mgonjwa amesimama na cheti chake mkononi. Kompyuta ikiwa ya dirisha, programu haifungwi. Anayeketi anabadilisha jina lake ndani ya programu hiyo tu, na lebo inayofuata inatoka kwenye printa iliyo karibu na kiwiko chake. Hali ni hiyo hiyo kwenye meza ya mapokezi, kompyuta za kutafutia vitabu maktabani, chumba cha mitihani na mashine ya kiwandani inayoendeshwa na watu wanaopokezana. Mahali kama hapa pana kazi yake hata kabla ya mtu kufika.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko mengi yanayouzwa leo kwa majina mapya. Sun Microsystems ilitoa terminali zake za Sun Ray mwaka 1999, zikiwa na tundu la kadi ya chipu. Mtu akichomeka kadi, kazi yake ilimfuata. Akiichomoa na kuhamia terminali nyingine, aliikuta pale alipoiacha. Lakini wahandisi wa Sun walijiuliza pia itakuwaje mtu akija bila kadi. Jibu lao lilikuwa kuipa kila terminali kitambulisho cha kukaimu kadi, kilichotokana na anwani ya MAC ya kifaa chenyewe, na kikao kikafungwa kwenye kitambulisho hicho. Mfumo mmoja ukawa na njia zote mbili, ya mtu na ya mahali. Mwaka huohuo wa 1999 ulianza mradi huria wa LTSP, uliowezesha kompyuta kuukuu za shule kuwaka kupitia mtandao bila diski. Katika LTSP faili moja la mipangilio laweza kuwa na sehemu ya kila anwani ya MAC, ikieleza skrini, printa, na hata jina ambalo kifaa kitaingia nalo chenyewe kikiwashwa.

Anwani ya MAC ndiyo nguzo ya mambo haya, kwa hiyo inafaa kuielewa. Ni namba ya biti 48 ambayo kiwanda huipa kila kadi ya mtandao, na huandikwa kwa tarakimu 12 za mfumo wa kumi na sita. Sita za mwanzo kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Ukigeuza terminali utaikuta kwenye kibandiko, karibu na namba ya kiwandani. Vitambulisho vingine ni jina la kifaa na anwani ya IP. Jina lina faida moja kubwa: hupewa kifaa kipya kwa urahisi cha zamani kinapokufa. Anwani ya IP inafaa pale tu seva ya DHCP ilipoagizwa kuipa kila terminali anwani ileile siku zote. Bila hivyo, umeme ukikatika na kurudi, mapokezi yaweza kuamka na kompyuta ya stoo.

Anayeunganisha terminali na kompyuta pepe ni programu iliyo katikati, ambayo kazi yake yote ni udalali: inapokea mgeni, inatazama orodha, inampeleka kwenye mashine iliyo wazi au iliyowekwa kwa ajili yake. Madalali hawa hawafanani. Wa Citrix huruhusu mashine kupewa watumiaji, au jina moja la kifaa, au anwani moja ya IP, lakini kundi moja tu kati ya hayo kwa wakati mmoja. Azure Virtual Desktop ya Microsoft, kwa upande wake, humpa mtumiaji kompyuta binafsi. Anayetaka kuifunga kwenye kifaa hulazimika kuzunguka, mathalani kwa kuunda akaunti ya kila kituo.

Horizon, iliyokuwa ya VMware na tangu 2024 iko chini ya Omnissa, imeufanya mzunguko huo kuwa sehemu rasmi ya mfumo. Msimamizi huandikisha terminali kwa amri, na mfumo huunda akaunti ndani ya Active Directory, orodha ya watumiaji na vifaa ya Windows, yenye jina kama cm-00_10_db_ee_76_80, yaani kiambishi kisha anwani ya MAC. Hesabu herufi zake: ni 20 kamili, ambacho ndicho kikomo cha jina la kuingilia la mtindo wa zamani wa Windows. Nywila yaweza kutungwa na mfumo wenyewe, pasipo mtu yeyote kuijua. Machoni pa seva, kisanduku kimekuwa mtumishi mwenye jina, kundi na haki zake. Asiyetaka majina ya tarakimu aweza kutumia yanayoanza na custom-, na kwa maoni ya mwandishi huyu hiyo ndiyo njia bora. Fundi aliyeamshwa usiku hawezi kukisia cm-00_10 ni ya wapi, ila custom-dawa-02 itamfikisha mlangoni.

Printa zinastahili kuzungumziwa peke yake, maana ndizo huanzisha malalamiko mengi. Kompyuta pepe inaishi kwenye chumba cha seva, na yenyewe haina habari kama meza yake iko ghorofa ya chini au ya tatu. Mfumo ukimtambua mtu tu, daktari anayehama kutoka wodi ya wazazi kwenda kliniki huenda akachapisha matokeo ya mgonjwa kwenye printa ya wodi aliyotoka, na karatasi ikabaki pale, wazi kwa kila apitaye. Kwa sababu hiyo hata mifumo inayogawa kompyuta kwa watu huangalia kifaa inapofika zamu ya printa. Horizon, kwa mfano, huweza kuchagua printa kwa kufuata jina la terminali, IP au MAC yake. Hospitali inayoona kuwa kukipa kila kifaa kompyuta yake ya kituo ni kupita kiasi yaweza kuishia hapo, ikawa imetatua nusu ya tatizo.

Leseni nazo zimeusukuma mpango huu. Julai 2010 Microsoft ilianza kuuza leseni ya VDA ya kutumia Windows iliyo kwenye seva, kwa dola 100 za Marekani kwa kila kifaa kwa mwaka; ya kuhesabu watu ilikuja mwishoni mwa 2014. Kwa ofisi ambayo kila mtu ana vifaa vitatu, hesabu ya vifaa ni mzigo. Kwa dirisha la dawa ni kinyume chake, kwani watu watatu wa zamu wanapokezana kisanduku kimoja na leseni ni moja. Leseni za kifaa za huduma ya kompyuta ya mbali ya Windows zina tabia yake pia. Kifaa kigeni hupewa kwanza leseni ya muda ya siku 90, kisha ile kamili, ambayo hudumu kati ya siku 52 na 89 kabla ya kuhuishwa, ili leseni ya kifaa kilichokufa irudi kwenye ghala bila kuombwa.

Udhaifu mkubwa uko kwenye usalama, na hapa hakuna haja ya kupunguza makali ya maneno. Anwani ya MAC ni jina tu, wala haithibitishi lolote. Imeandikwa kwenye kibandiko, husikika na kila kifaa kilicho kwenye kipande hicho cha mtandao, na mtu mwenye kompyuta ndogo aweza kuiiga kwa amri moja. Katika LTSP ya zamani nywila ya kuingia yenyewe iliweza kuandikwa ndani ya faili la mipangilio lililosambazwa kwa TFTP, itifaki isiyouliza nywila kwa yeyote. Kwa hiyo kompyuta ya kituo ipewe haki za kituo pekee: programu moja au mbili, bila barua pepe na bila mafaili ya mtu. Tundu la mtandao ukutani lilindwe kwa 802.1X, kiwango kinachokagua kifaa kabla ya kukiruhusu mtandaoni, na vyeti vya kidijitali. Na pale kazi inapogusa mtu, iwe ni dawa, pesa au alama za mtihani, programu yenyewe lazima imuulize aliyeketi ni nani. Akaunti ya dirisha ikiandikwa kuwa ndiyo iliyotoa dozi, siku ya makosa hakuna atakayeweza kusema ni mkono wa nani.

Kuna mitego midogo pia. Terminali inayotumia Wi-Fi na waya kwa zamu ina anwani mbili za MAC, na zote huhitaji kuandikishwa. Adapta ya USB ya mtandao hubeba anwani yake, hivyo ikihamishiwa mashine nyingine, utambulisho unahama nayo. Baadhi ya mifumo ya kisasa hubuni anwani ya nasibu kwenye Wi-Fi ili kulinda faragha, jambo jema kwa simu ya mtu lakini linalovunja orodha ya dalali.

Terminali ikiharibika, fundi huchukua ya akiba, huiandikisha kwa anwani yake mpya na kuipa nafasi ya ile iliyokufa. Hatua ambayo husahaulika ni kuifuta akaunti ya zamani. Kisanduku kilichotupwa stoo, kikiokotwa na kuchomekwa kwenye tundu lililo wazi mwisho wa korido, bado kitafungua kompyuta ya dirisha la dawa.