Kibaya Chajitembeza

Jumapili moja mpwa wangu alikuja kunitembelea, simu mkononi na swali moyoni. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, alinionyesha orodha ya bidhaa tatu. Kazi yake siku hizi ni kusifu bidhaa za watu wengine katika mtandao. Kampuni humpa kiungo chenye alama yake, yeye hukisambaza kwa watu wanaomfuata, na kila anunuaye kwa kupitia kiungo hicho humwingizia kamisheni. Bidhaa ya kwanza ilikuwa vitabu vya shule, kamisheni asilimia 5. Ya pili ilikuwa sufuria, asilimia 8. Ya tatu ilikuwa dawa ya unga, ya kupunguza unene na kusafisha damu, asilimia 40.

"Mjomba," akaniuliza, "wewe ungechagua ipi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki moja, kwa kuwa swali lake lilinirudisha mbali sana, katika historia ya watu wengine na katika jambo langu mwenyewe ambalo sipendi kulisema. Haya, ndugu msomaji, ndiyo niliyomweleza aliporudi.

Kulipwa kwa kumletea mwenye mali mnunuzi si jambo jipya. Sisi watu wa pwani tuna dalali tangu zamani, na hata neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu. Dalali wa nyumba au wa shamba ana fungu lake, na kila mtu anajua kwamba analo. Akiisifu nyumba, msikilizaji humpunguzia maneno kwa kiasi kinachostahili. Basi udalali si dhambi. Hatari huanza pale mlipwaji anapovaa kanzu ya rafiki, na msikilizaji asijue kwamba sifa anazozisikia zimelipiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao umetoka Marekani, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Wakati huo nchi ile ilijaa dawa za chupa zilizouzwa bila cheti cha daktari, na mtengenezaji hakulazimika kumwambia mtu zimetengenezwa kwa nini. Ziliahidi kuponya kila kitu, tangu kikohozi hadi saratani. Nyingi zilikuwa na kileo, na baadhi afyuni. Dawa iliyoitwa Peruna ilikuwa na kileo cha asilimia 28 hivi. Zilitangazwa kwa ushuhuda: barua na picha za watu waliosema kwamba wamepona. Magazeti yalipata fedha nyingi kwa matangazo hayo, na baadhi yalitia saini mikataba yenye sharti la ajabu: bunge la jimbo likipitisha sheria dhidi ya dawa hizo, mkataba unakufa. Hivyo gazeti lililopaswa kuwaonya wasomaji lilikuwa na kila sababu ya kunyamaza, au hata ya kuipinga sheria yenyewe.

Katika hali hiyo alitokea mhariri mmoja, Edward Bok, wa jarida la wanawake liitwalo Ladies' Home Journal. Mwaka 1892 jarida lake lilitangaza kwamba halitapokea tena tangazo lolote la dawa za namna hiyo. Fedha hizo zilikuwa zikipatikana kwa urahisi, naye akazikataa. Baadaye aliendelea kuwafumbua macho wasomaji wake. Kulikuwa na dawa ya wanawake yenye jina la Lydia Pinkham, na matangazo yake yaliwaalika akina mama wamwandikie Bibi Pinkham siri zao za maradhi. Mwaka 1905 jarida la Bok lilichapisha picha ya kaburi la Lydia Pinkham. Bibi huyo alikwisha fariki mwaka 1883.

Mwaka huohuo wa 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams alianza kuchapisha katika jarida la Collier's makala za kufichua biashara hiyo. Mnamo Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya vyakula na dawa. Tangu hapo mtengenezaji alipaswa kuandika juu ya chupa kama dawa yake ina kileo, afyuni au kokeini, na kiasi gani. Sheria haikuzipiga marufuku dawa hizo. Ilitaka tu mnunuzi aambiwe anachokinywa.

Lakini kisa cha Bok kina upande wa pili, na huo ndio niliotaka kijana wangu ausikie zaidi. Mwaka 1904 jarida lake lilichapisha orodha ya dawa na vitu vilivyomo ndani yake. Kuhusu dawa moja, ya Daktari Pierce, alikosea. Aliegemea uchunguzi wa zamani, na dawa ilipopimwa upya, vile vitu alivyovitaja havikuonekana. Jarida lilichapisha masahihisho na likalipa fidia. Mtu yule alikuwa mwema, tena jasiri, lakini wema wake haukumpunguzia wajibu wa kuhakikisha. Nia safi ni nusu ya uaminifu. Nusu ya pili ni kujua unalolisema.

Nusu hiyo ya pili ndiyo niliyokosa mimi.

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu, na mshahara ulikuwa haufiki tarehe 15. Rafiki mmoja alinipeleka katika mkutano wa kampuni iliyouza unga wa mitishamba kwa njia ya mawakala. Nilivutiwa. Nililipa kiingilio, nikapewa makopo na karatasi za maelezo, nikaanza kuuza mtaani. Sikusema uongo hata siku moja. Nilisoma yaliyoandikwa kwenye karatasi, nami niliyaamini, au tuseme sikuona faida ya kuyatilia shaka. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye presha, alinunua makopo mawili. Hakununua kwa sababu ya karatasi. Alinunua kwa sababu nilikuwa nimewafundisha wanawe watatu kusoma. Aliniuliza, "Mwalimu, hii inatosha?" Nikamjibu kwamba watu wengi wamepona. Sikumwambia aache vidonge vyake. Sikumwambia pia asiviache. Na sikumwambia kwamba kila kopo lilinipa fungu langu.

Aliviacha. Baada ya miezi miwili alipata kiharusi. Mungu alimnusuru, lakini mkono wake wa kushoto haukurudi tena. Nilikwenda kumrudishia fedha zake zote, pamoja na kamisheni. Alizipokea kwa mkono wa kulia, akanishukuru. Shukrani ile sijaweza kuisahau. Hakujua kwamba nililipwa, na siku ile ndipo nilipomwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungeniambia mapema, ningekuuliza zaidi."

Katika maneno hayo machache ndimo ilimo hoja yote. Duka la Amazon lilipoanzisha mpango wake wa washirika mwaka 1996, na wengine wakafuata, ile kazi ya dalali iliingia katika mitambo: kompyuta hukumbuka mnunuzi ametoka kwa nani, na kamisheni huhesabiwa yenyewe. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza katika miongozo yake kwamba anayelipwa kwa kusifu bidhaa mtandaoni anapaswa kusema hivyo waziwazi. Wakubwa wa tume walikuwa wamefika mahali alipofika jirani yangu mwaka 2003, kitandani. Mtu akijua kwamba unalipwa, atakuuliza zaidi. Na haki yake ya kukuuliza huwezi kumnyang'anya kwa kunyamaza.

Basi nilimwambia mpwa wangu hivi. Funika kwanza safu ya kamisheni kwa kidole. Jiulize kama ungempa mama yako kitu hiki bila malipo. Kama hukijui, kitumie au muulize anayekijua, na kama ni dawa, muulize daktari, si karatasi ya kampuni. Ukisharidhika, ondoa kidole. Kisha waambie watu kwamba una fungu lako.

"Na ile asilimia 40, mjomba?"

Nilimjibu kwamba kamisheni kubwa si ushahidi wa ubaya. Wako wauzaji wema ambao bidhaa yao haina gharama kubwa kuitengeneza. Lakini ni sababu ya kuuliza kwa nini kitu hiki kinahitaji kusukumwa kwa nguvu hivyo. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hakitembei tena kwa miguu yake. Kinatafuta vijana wanaopendwa na watu, kikawaomba wakibebe.

Alikaa kimya akiitazama simu yake. Kisha akaniuliza kama yule mama bado yuko hai. Nikamwambia yuko, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akaomba nimpeleke akamsalimie.